Robo Saa ya Maji

Jumanne asubuhi matarumbeta yalilia mlangoni mwa kanisa la kijiji cha Vredesdal, kama yanavyolia kila mtu anapofariki, na waliokuwa bustanini wakasimama, wakavua kofia. Hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Wimbo ulikuwa mtupu kwa chini. Ile sauti nene ya tarumbeta kubwa, iliyoushikilia kwa miaka thelathini na minne kama msingi unavyoishikilia nyumba, haikuwepo. Basi wakajua kwamba Izak Jantjies amekwenda.

Dorkas, mkewe, aliusikia wimbo akiwa jikoni, mikono imezama kwenye unga. Alikuwa anakanda mkate, kwa kuwa wafiwa hutembelewa na wageni hawapokelewi kwa meza tupu, na kwa kuwa mikono isiyo na kazi siku ile ingemshinda. Aliacha kukanda mpaka wimbo ulipokwisha, kisha akaendelea.

Mchungaji Balie alifika mchana. Alikunywa kahawa, akala kipande cha mkate kwa jamu ya tini, akasali. Alipoinuka ndipo alipouliza jambo ambalo Dorkas alikuwa analingojea.

"Aliandika wasifu wake?"

Vredesdal hazikwi mtu bila maisha yake kusomwa juu ya kaburi. Kila Mkristo anatakiwa aandike ya kwake angali hai, kwa mkono wake mwenyewe: alikozaliwa, alikojikwaa, na mahali Mungu alipomwokota. Wengi huahirisha mpaka kifo kinawakuta kalamu ikiwa kavu, na hapo mjane ndiye huandika.

"Sijui, Mchungaji. Izak hakuwa mtu wa kalamu. Barua moja kwa Grieta ilikuwa inamchukua mwezi."

"Tafuta. Usipouona, tutauandika sisi wawili. Niupate Ijumaa jioni." Alivaa kofia, akageuka mlangoni. "Na ukiwa mrefu, Mama Dorkas, upunguze. Ule wa marehemu Lodewyk ulituweka juani mpaka punda wa mkokoteni akalala."

Dorkas alicheka, akashangaa kwamba bado anaweza kucheka.

Aliutafuta kwenye Biblia, hamkuwa na kitu. Akatafuta kwenye sanduku la nguo, chini ya godoro, ndani ya saa ya ukutani. Jumatano asubuhi, alipokuwa analifuta vumbi kasha la tarumbeta ili bendi waje walichukue, kitambaa cha ndani kikafunguka pembeni. Chini yake palikuwa na kurasa nne za daftari la shule, zimekunjwa mara mbili.

Alisoma amesimama. Ukurasa wa kwanza alimsikia Izak kabisa: mwaka aliozaliwa, baba yake mchunga kondoo, fimbo za mwalimu, siku aliyomwona Dorkas amebeba ndoo mbili naye akajitolea kubeba moja, ikamwagika yote. Ukurasa wa tatu akavuta kiti, akakaa.

*Mwaka wa ukame, Alhamisi ya maziko ya Bibi Rosina, nilisema tumbo linaniuma nikabaki nyumbani. Wote walipokuwa makaburini nilikwenda mferejini. Ilikuwa zamu ya Manase Adonis. Nilifunga maji yasimfikie, nikayafungulia kwangu saa nzima. Maharage yangu yalipona. Vitunguu vyake vya mbegu vilikufa vyote. Aliponishtaki kwa wazee wa kanisa nilikana. Nikasema Manase amesahau zamu yake mwenyewe, sasa anatafuta wa kumtwika. Waliniamini kwa sababu nilikuwa kiongozi wa bendi. Wakamwita mzushi, wakamvua kazi ya kugawa maji. Tangu siku hiyo sijaisogelea Meza ya Bwana. Kila Alhamisi namwachia robo saa ya zamu yangu. Najua hailipi. Naomba haya yasomwe siku ya kunizika, maana nikiwa hai nimeshindwa.*

Dorkas aliiweka karatasi mezani, akatazama mlangoni, pale viatu vya Izak vya shambani vilipokuwa bado vimekaa.

Alivikumbuka viatu. Si hivi, vilivyotangulia. Siku ya maziko ya Bibi Rosina alirudi akavikuta mlangoni vimejaa tope hadi kifundoni, na mwenyewe yuko kitandani analalamika tumbo. Mwezi ule wa ukame hapakuwa na tope Vredesdal isipokuwa mahali maji yalipopita. Dorkas alichukua brashi, akavisafisha, akavipanga. Hakuuliza. Jumatatu yake wazee walipokuja kumwuliza kama bustani ya Izak ilikuwa imelowa, alijibu, "Sikuangalia." Na kweli hakuangalia. Alikuwa amejihadhari asiangalie.

Tangu ukame ule, miaka yote kumi na moja, aliamini mumewe haendi Mezani kwa ukaidi, kwamba hataki kupiga magoti safu moja na Manase. Alimsuta mara nyingi. Tena kila Alhamisi alimwona akifunga mlango wa maji kabla ya saa, mstari wa mwisho wa maharage ukiwa bado vumbi tupu, akamkemea: "Izak, saa yako imelewa? Unammwagia nani maji yetu?" Na Izak alikuwa akijibu, "Yanatosha, mke wangu. Yanatosha."

Grieta, binti yao, aliingia jioni kwa basi kutoka mjini, macho mekundu, begi begani. Aliposoma zile kurasa alizitupa mezani kama zimemwunguza.

"Mama, choma."

"Ni mwandiko wa baba yako."

"Ndiyo maana uchome. Unataka baba azikwe mara mbili? Watu watakuja na nguo nyeusi waondoke na umbea. Wataimba nini Jumapili? Wataimba kuhusu maharage!"

"Aliomba usomwe."

"Aliomba wakati ambapo yeye hatakuwepo! Sisi tutakuwepo. Mimi narudi mjini Jumatatu, lakini wewe utakwenda dukani, utakwenda mtoni, utakaa kwenye benchi lile lile kanisani." Grieta alishusha sauti. "Mama, mtu mzuri kosa lake moja haliwi jina lake."

"La Manase limekuwa jina lake," Dorkas alisema, "na hata hakulifanya."

Grieta alikwenda chumbani alimolazwa baba yake, akafunga mlango.

Dorkas hakuwa na hakika kama alivyosikika. Alijua njia mbili tu, na zote zilimtisha. Akizichoma, anamzika Manase kwenye uongo kwa mara ya pili, sasa kwa mkono wake yeye. Akizipeleka tu kwa Mchungaji, Manase atasimama makaburini kama wengine, tai shingoni, na habari ya maisha yake mwenyewe itamwangukia mbele ya watu mia mbili bila mtu kumwandaa. Ukweli nao una namna ya kumpiga aliyekwisha pigwa. Aliomba, na hakupata jibu lolote isipokuwa kukumbuka kwamba kesho ni Alhamisi.

Alhamisi saa nane kasoro alivaa viatu vya Izak, akachukua saa yake ya mfukoni.

"Unakwenda wapi?" Grieta aliuliza. "Maiti iko ndani!"

"Zamu yetu ya maji. Maharage hayajui msiba."

Alifungua mlango wa maji kengele ya saa nane ilipolia. Maji yaliingia, yakatafuta njia kati ya mistari, naye akayaongoza kwa jembe kama alivyomwona mumewe akifanya. Ilipofika saa tisa kasorobo alitazama mstari wa mwisho, bado ni vumbi. Akashusha kibao cha kuyazuia. Maji yakasitasita, yakageuka, yakateremka kuelekea bustani ya chini. Kwa macho yake akayafuata, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Manase Adonis alikuwa amekwisha kusimama kwenye mlango wake. Kibao chake kilikuwa juu. Jembe mkononi, suruali imekunjwa magotini, na kengele ya zamu yake bado robo saa nzima.

Dorkas alilitazama lile jembe. Mtu aliyeshtukizwa na maji angekuja mbio, akifunga viatu. Huyu alikuwa amejiandaa.

Akateremka kando ya mfereji, karatasi zikiwa ndani ya aproni.

"Pole kwa msiba, Dada Dorkas," Manase alisema bila kumtazama, akiyachimbia maji njia. Yalikuwa maneno ya kwanza baina yao kwa miaka kumi na moja, na yalitoka yana kutu. "Naona saa ya mumeo inakimbia hata ikiwa mfukoni mwako."

"Nina kitu cha kukusomea, Ndugu Manase. Kabla hakijasomwa Jumamosi."

"Mimi si mzee wa kanisa. Wao ndio husomewa vitu."

"Ni chako kabla hakijawa cha kanisa."

Alisoma. Alipofika kwenye vitunguu aliirudia sentensi tangu mwanzo, polepole. Manase aliacha kuchimba. Dorkas aliposoma "wakamwita mzushi" Manase alicheka, kicheko kibaya kama mlango unaokwaruza.

"Mjanja huyu! Anakufa kwanza, halafu ndipo anasema kweli. Hata kufa amenitangulia." Alilichoma jembe ardhini. "Kumi na moja, Dorkas! Watoto wa shule wananipita pale ukutani wanaimba, 'Manase, maji yako wapi?' Mke wangu alihama benchi. Na yeye pale juu kwenye roshani anapuliza tarumbeta, mashavu kama malaika!"

"Kuna langu pia," Dorkas alisema. "Siku ile viatu vyake vilikuwa na tope. Nilivipiga brashi."

Manase alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilikataa kujua."

"Hiyo ni mbaya zaidi."

"Ndiyo," Dorkas alisema. "Ni mbaya zaidi."

Alingoja. Hakuongeza neno la kujitetea, ingawa yalikuwepo mengi na yalikuwa yamejipanga ulimini.

"Sasa umeniletea mimi kwa nini?" Manase alisema. "Si umpelekee Mchungaji?"

"Sikutaka uyasikie mara ya kwanza ukiwa umezungukwa na watu. Ukitaka wazee wayasikie leo hii, nitakwenda kwao niwasomee leo. Ukitaka yasomwe Jumamosi, yatasomwa. Ukisema..."

"Yaani niamue mimi!" Alipiga paja. "Mume anaiba, mke anaosha, na Manase ndiye abebe ndoo! Nyumba yenu ina adabu kweli."

Dorkas karibu atabasamu, akajizuia. "Bado mistari michache. Nimeiacha ya mwisho kwa makusudi." Akasoma: *Kila Alhamisi namwachia robo saa ya zamu yangu. Najua hailipi.*

Maji yalikuwa yanapita katikati yao, ya Izak, yanaingia kwenye vitunguu. Manase akayatazama muda mrefu. Kisha akaketi ukingoni.

"Alikuwa anafanya makusudi?"

"Makusudi."

"Mimi nilidhani saa yake ni mbovu." Alijifuta uso kwa kofia. "Wiki ya kwanza nilisema nitamwambia. Halafu nikasema, ah! Wameniita mwongo bure, basi acha nami niibe kidogo, nile matusi yenye nyama ndani. Nikawa nakuja mapema. Kila Alhamisi nasimama hapa kama paka kwenye tundu la panya. Nilikuwa nayafurahia maji yale, Dorkas, kuliko yangu halali. Na kila kabla ya Meza ya Bwana, Mchungaji akituita mmoja mmoja kutuuliza kama tuna amani na watu wote, nilimjibu mikono yangu ni safi. Nikaenda nikala. Yeye mwizi alikaa njaa. Mimi niliyeibiwa nikala."

Kengele ya saa tisa ililia. Hakuna aliyesogea.

"Unajua atalala wapi?" Manase aliuliza.

Dorkas alijua. Vredesdal hakuna makaburi ya ukoo. Wanaume waliooa huzikwa safu moja, kila mmoja kando ya aliyemtangulia, tajiri kwa maskini, kadiri wanavyoitwa.

"Mwishoni mwa safu ya tano," alisema.

"Na mimi kifua changu kinajulikana. Huenda nafasi inayofuata ni yangu. Bega kwa bega na Izak Jantjies mpaka parapanda ya mwisho, na baina yetu hata mlango wa maji hakuna." Alitema mate pembeni. "Siwezi kulala pale na hasira yote hii. Patanibana. Usomwe. Wote. Usipunguze hata neno."

Kisha akaruka, maana vitunguu vilikuwa vinaelea. "Ona sasa! Umeniulia tena bustani, wewe mwanamke!" akapiga kelele, akikimbilia kibao, na Dorkas akaingia majini na viatu vya Izak kumsaidia.

Ijumaa jioni Mchungaji Balie aliusoma wasifu mara mbili chini ya taa yake.

"Unajua naweza kuuruka ukurasa wa tatu? Si uongo. Wengi huomba hivyo."

"Najua, Mchungaji."

"Watu watasema."

"Watasema majuma mawili. Manase wamemsema miaka kumi na moja."

Mchungaji alikisogeza kidole chake chini kabisa ya ukurasa wa nne. "Na huu hapa si mwandiko wake."

"Ni wangu. Uliniambia nipunguze. Nimeongeza."

Jumamosi walikuja wengi kuliko kanisa lilivyoweza kuchukua, kwa kuwa Izak alipendwa. Grieta alisimama kando ya mama yake, mkono wake baridi ndani ya wa mama. Bendi walipiga wimbo bila sauti ya chini. Jeneza liliteremshwa mwishoni mwa safu ya tano, na Mchungaji akavaa miwani.

Kwenye ndoo iliyomwagika watu walicheka kwa upole. Kwenye Alhamisi ya Bibi Rosina kicheko kilikufa. Wazee wa kanisa, wote wanne, walitazama viatu vyao. Mtu alikohoa, akajutia kukohoa. Dorkas alihisi mkono wa Grieta ukitaka kutoka ndani ya wake, kisha ukabaki. Mchungaji hakuharakisha wala hakushusha sauti. Akafika: "Kila Alhamisi namwachia robo saa ya zamu yangu..."

"Niliyachukua."

Vredesdal hakuna aliyewahi kuukatiza wasifu. Vichwa viligeuka. Manase alikuwa amesimama kati ya wanaume, tai imempinda, kofia ameikamata kwa mikono yote miwili.

"Ndugu Manase?" Mchungaji aliuliza.

"Hayo maji. Niliyachukua nikidhani namwibia. Miaka yote. Endelea, Mchungaji."

Mchungaji akaendelea mpaka mwisho, mpaka kwenye mistari miwili ya mwandiko mwingine: *Mimi Dorkas, mkewe, niliona tope kwenye viatu siku ile, nikalifuta wala sikuuliza. Nilipoulizwa nilisema sikuangalia. Mungu atufundishe kuangalia.*

Upepo ulisikika kwenye ngano ng'ambo ya ukuta. Dorkas hakuinua macho. Alingoja kitu, hakujua nini. Aliona viatu vya Manase vikipita mbele yake, akamsikia akichukua koleo.

Desturi ni kila mwanaume atupe makoleo matatu, amwachie mwenzake. Manase alitupa matatu, akatupa la nne. Mzee mmoja akanyoosha mkono kupokea, Manase akampa mgongo. Alitupa kumi. Alitupa ishirini. Alivua koti, akalitupa juu ya udongo, akaendelea. Alifanya kazi ile kama mtu anayepigana, kifua kikipiga filimbi, na baadaye kidogo haikuwa tena kama mtu anayepigana. Hakuna aliyejaribu kumpokea. Kaburi lilipojaa alilipiga bapa kwa mgongo wa koleo, pande zote, akilinyoosha kama kitanda, akasimama akishika kiuno.

"Haya," aliliambia kaburi. "Umepata amani."

Maneno yalisemwa, tena si kidogo. Dukani wanawake wawili walinyamaza Dorkas alipoingia, na mmoja hakurudisha salamu. Grieta aliondoka Jumatatu, kwenye kituo cha basi alimshika mama yake shingoni muda mrefu akasema, "Bado sijui kama ulifanya vizuri." Dorkas akamwambia, "Hata mimi, mwanangu," naye hakusema hivyo kwa kumridhisha.

Alhamisi alivaa viatu vya Izak, akafungua maji kengele ya saa nane ilipolia. Saa tisa kasorobo aliitazama saa, akainama, akashika kibao akishushe.

"Acha!"

Manase alikuwa kule chini, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali haijakunjwa, jembe limeegemezwa ukutani mbali naye.

"Bado robo saa!" alipiga kelele. "Mna nini nyumba hiyo, hamjui kusoma saa? Ni yako, Dada!"

Dorkas aliuachia mlango wazi. Akasimama akitazama maji yakimaliza mstari huu, yakiingia unaofuata, mpaka yakaufikia ule wa mwisho, wa kule ukutani, yakaulowesha wote kabla kengele haijalia.